Kadogo ni tamu, lakini piga hesabu kwanza

Mwaka jana nilifungua taarifa ya miamala yangu ya mwezi mzima. Nilijua kodi ya nyumba ingekuwa juu, hilo halikunishangaza. Kilichonishtua ni zile pesa ndogo ndogo: 35 hapa, 35 pale, duka lile lile, karibu kila jioni. Mafuta ya kupikia!

Hebu tuhesabu pamoja. Tuseme mililita 100 za mafuta ya kupima ni shilingi 35, na chupa ya lita moja ni shilingi 290. Lita moja ina vipimo kumi vya mililita 100. Kumi mara 35 ni 350. Kwa hivyo anayenunua kidogo kidogo analipa shilingi 60 zaidi kwa kiasi kile kile. Bei za mtaani kwenu ni tofauti, lakini njia haibadiliki: gawanya bei kwa kipimo, kisha linganisha. Fanya hivyo kwa sukari, sabuni ya unga, hata gesi. Bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 gawanya kwa 6, ya kilo 13 gawanya kwa 13. Kikokotoo kiko kwa simu yako.

Sisemi kadogo ni ujinga. Ukiwa na 50 pekee na watoto hawajala, unanunua cha 50, basi. Ngumu ni chupa ya kwanza. Ukishaipata, zile 35 ulizokuwa unapeleka dukani ziweke kwa akiba ya simu. Siku tisa zinakupa 315, na chupa ya pili imejilipia. Ila kubwa si nafuu kila mara. Bando la mwezi linaloisha muda kabla hujalimaliza ni hasara tu.

Kitu kingine ni ada ya kutoa pesa. Ada hupangwa kwa viwango, kwa hivyo unaweza kukatwa sawa ukitoa 300 au 2,000. Ukienda kwa ajenti mara nne kwa wiki, unalipa ada mara nne. Angalia orodha ya ada, utoe mara moja, au ulipe dukani moja kwa moja kwa simu.

Sasa masomo, maana hapo ndipo pesa kubwa hupotea. Rafiki yangu alitumiwa tangazo la kozi ya wiki sita, ati bei ya ofa ni leo tu. Alituma 5,000 kwa nambari ya mtu binafsi. Darasa halikuanza, na simu haikushikwa tena.

Kabla hujalipa karo, hakikisha chuo cha ufundi kimesajiliwa na TVETA. Omba orodha ya ada kwa maandishi, na uulize mtihani unatolewa na nani. Kisha lipa kwa akaunti yenye jina la chuo. Jina likitokea kwa skrini na si la chuo, usiweke PIN. Ukiwa umeshatuma, tupigie huduma kwa wateja papo hapo, kwa sababu pesa ikishatolewa upande ule, kuirudisha ni kazi. Rafiki yangu alingoja siku tatu akiona aibu.