Mpira Ulio Mbele Yako: Maswali ya Lalago Kuhusu Akili ya Mcheza Kriketi

Msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa, Lalago hujaa watu wanaosubiri zamu ya mizani. Kusubiri kuna tabia yake: mara siasa, mara bei ya pamba, mara mpira. Juni 2024 nilikuwa nimekaa kivulini na ndugu zangu pale, na kijana mmoja akanionyesha kwenye simu vipande vya mchezo wa Uganda katika Kombe la Dunia la kriketi la ova 20. Aliposikia kwamba kriketi ndiyo ninayoifundisha, maswali yakaanza. Mengi hayakuhusu sheria za mchezo. Yalihusu kichwa cha mchezaji. Nimeyakusanya hapa, pamoja na majibu niliyotoa na machache niliyoyakumbuka baadaye.

Mwalimu, huyu anarusha na yule anapiga. Akili inaingia wapi?

Inaingia kwenye muda, kwa sababu muda haupo. Mrushaji mwenye kasi hutuma mpira kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa. Kutoka mkononi mwake hadi kwa mpigaji ni kama meta 18, kwa hiyo mpira unafika chini ya nusu sekunde. Nao si wa kitambaa: ni wa ngozi, mgumu, una uzito wa gramu 156 hadi 163.

Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uingereza, Michael Land na Peter McLeod, walichapisha utafiti wa jinsi macho ya wapigaji yanavyotembea. Waliona kwamba mpigaji haufuati mpira njia nzima. Anautazama unapoachiwa, kisha macho yanaruka hadi pale anapotarajia utadunda, yanausubiri hapo. Macho ya mpigaji hodari yaliruka mapema zaidi. Maana yake ni kwamba jicho linategemea ubashiri wa akili, na akili iliyojaa hofu hubashiri vibaya.

Kuna jambo la pili. Mshambuliaji wa soka akikosa bao dakika ya tano, ana dakika 85 za kujirekebisha. Mpigaji wa kriketi akikosea mara moja anaweza kutolewa, na siku yake ikaishia hapo. Kila mpira unaokuja unaweza kuwa wa mwisho kwake, na analijua hilo.

Nimesikia kuna mechi za siku tano. Mtu anawezaje kukaza akili siku nzima?

Hakazi siku nzima. Akijaribu, atachoka kabla ya chakula cha mchana. Katika mechi hizo ndefu hurushwa kama ova 90 kwa siku, na kila ova ina mirusho sita. Hiyo ni mirusho 540. Ukiupa kila mrusho sekunde tano za mchezo wenyewe, unapata dakika 45 tu katika saa sita za kuwa uwanjani. Muda uliobaki ni wa kutembea, kusubiri na kuwaza. Wengi huharibikiwa hapo kwenye kuwaza.

Wewe umechunga ng'ombe, mdogo wangu. Je, mchungaji humkodolea macho kila ng'ombe tangu asubuhi hadi jioni? Hapana. Anapiga mluzi, anakaa juu ya kichuguu, anazungumza na mwenzake. Lakini kundi likikaribia shamba la mtu, anasimama na macho yote yapo kwa ng'ombe. Mpigaji mzuri yuko hivyo. Mrusho ukiisha anasogea pembeni, anaangalia miti au watazamaji, anarekebisha glavu. Mrushaji akianza kukimbia, anagonga kibao chake chini mara mbili, anavuta pumzi, na akili inarudi zamu. Kugonga kule ni mlango: anautumia kuingia kazini, na mrusho ukiisha anatoka.

Timu ndogo inaishindaje timu kubwa? Ni bahati?

Turudi Pune, India, tarehe 29 Februari 1996. Kenya ilikuwa katika Kombe lake la kwanza la Dunia, ikikutana na West Indies, mabingwa wa 1975 na 1979. Katika kikosi hicho alikuwamo Brian Lara, ambaye mwaka 1994 alipiga mikimbio (ndizo alama za kriketi) 501 bila kutolewa, rekodi ya dunia. Kenya ilitolewa yote kwa mikimbio 166. Hakuna mpigaji wa Kenya aliyefikisha hata 30, na mikimbio ya ziada, iliyotokana na makosa ya wapinzani, ilizidi ya mpigaji yeyote.

Mtu mwenye akili ya hesabu angesema mchezo umekwisha. Lakini angalia walichofanya. Kapteni Maurice Odumbe na wenzake hawakuanza kutafuta miujiza. Walirusha mpira mahali palepale, mrusho baada ya mrusho, wakimlazimisha mpinzani atafute mikimbio kwa haraka. Lara alidakwa nyuma ya wiketi na Tariq Iqbal kwa mrusho wa Rajab Ali, akiwa na mikimbio 8. West Indies walitolewa kwa 93. Odumbe alirusha ova 10, akatoa mikimbio 15 na kuchukua wiketi 3, yaani akawatoa wapigaji watatu.

Somo ni kwamba shinikizo lina uzito uleule, ila linaweza kuhamishwa. Kenya haikutarajiwa kushinda, hivyo haikuwa na cha kupoteza. West Indies ndio waliokuwa na jina la kulinda. Kila mrusho uliopita bila mkimbio uliwaongezea mzigo. Waliotolewa siku ile hawakukosa uwezo. Walikosa subira.

Na mzee je? Kichwa kinazeeka kama miguu?

Nadhani kichwa ndicho kinachokomaa mwisho. Aasif Karim wa Mombasa alikuwa amestaafu kriketi ya kimataifa, akaitwa tena kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2003. Tarehe 15 Machi mwaka ule, mjini Durban, Kenya ilicheza na Australia, ambao hawakupoteza mchezo hata mmoja katika mashindano yale. Brett Lee alianza kwa kuwatoa wapigaji watatu wa Kenya kwa mirusho mitatu mfululizo. Kenya ikajikokota hadi 174.

Karim aliingia akiwa na umri wa miaka 39. Alirusha mirusho 50, akatoa mikimbio 7 tu, na akawatoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa yeye. Hakuwa na kasi. Silaha yake ilikuwa mrusho uliofanana na uliotangulia, na uso usioonyesha kitu. Kijana angeona jina la Ponting akataka kurusha mrusho wa kusimuliwa. Karim aliutuma mrusho alioujua.

Uganda walifungwa vibaya. Waliwezaje kurudi uwanjani kesho yake?

Hilo ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Tarehe 3 Juni 2024 Uganda ilicheza mchezo wake wa kwanza kabisa wa Kombe la Dunia, huko Guyana, ikatolewa kwa mikimbio 58 na Afghanistan. Siku mbili baadaye, kwetu ikiwa alfajiri ya tarehe 6, ikakutana na Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova 4, akatoa mikimbio 4 na kuchukua wiketi 2. Papua New Guinea wakaishia 77.

Unadhani ikawa rahisi? Uganda ilipoteza wapigaji 5 ikiwa na mikimbio 26. Majeraha ya siku mbili zilizopita yangeweza kufunguka pale pale. Riazat Ali Shah akakaa. Alipata mikimbio 33 kwa mirusho 56, mwendo ambao katika ova 20 watu huuita wa kobe. Lakini mchezo ule ulimhitaji kobe. Uganda ilishinda ikiwa imebakiza wiketi 3, ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Sasa nikwambie upande wa pili, nisije nikakudanganya. Tarehe 8 Juni West Indies waliwatoa Waganda kwa mikimbio 39, kisha New Zealand wakawatoa kwa 40. Wachezaji ni walewale, moyo ni uleule. Akili haizidi mazoezi. Mtu asiyewahi kukutana na mrusho wa namna ile hawezi kuubashiri, hata awe mtulivu kama maji ya mtungini. Akili nzuri hukuwezesha kutumia chote ulichonacho. Haikupi usichokuwa nacho.

Wapinzani wanatukana uwanjani. Mnawafundisha vijana wafanye nini?

Hapa Usukumani mna chuo cha jambo hilo. Kwenye ngoma za Bagika na Bagalu, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa anayevuta watu wengi. Kuna kijembe, kuna wimbo wa kumkejeli mwenzako. Manju, yaani kiongozi wa nyimbo, akiwa mchanga na akiona watu wanahamia upande wa pili, anaanza kuimba huku anachungulia kule, na wimbo unamponyoka. Manju mkomavu anawageukia wachezaji wake, anabadilisha wimbo, anakaza ngoma. Anajua kwamba umati haufukuzwi, unavutwa.

Katika kriketi mlinda wiketi anasimama nyuma ya mpigaji, karibu kabisa, na anaweza kusema siku nzima. Nawaambia vijana: maneno yake ni ombi. Anaomba umpe akili yako. Usijibu, usikasirike, wala usijilazimishe kutosikia. Sikia, kisha gonga kibao chako chini na utazame mkono wa mrushaji.

Nikuulize bila kuficha: huku timu nyingine haziingii uwanjani bila dawa. Hao wakubwa hawana?

Wenzake waliicheka hoja hiyo pale kivulini, lakini ni ya maana. Wakubwa nao wana yao. Steve Waugh, aliyekuwa kapteni wa Australia, alicheza na kitambaa chekundu mfukoni miaka mingi. Mwamuzi wa Uingereza David Shepherd alikuwa akiinua mguu mmoja kila timu ilipofikisha mikimbio 111, namba inayodhaniwa kuwa ya mkosi.

Mimi sigombani na kitambaa cha mtu. Jambo linalorudiwa kila mara hutuliza moyo, kama kugonga kibao kunavyotuliza. Kipimo changu ni hiki: siku kitambaa kikisahaulika nyumbani, utacheza? Ukiweza, ni desturi yako. Usipoweza, basi wewe ndiye mali ya kitambaa. Na timu ikitumia fedha ya mipira kumlipa mganga, itaingia uwanjani na imani bila mipira.

Mchezaji mkubwa, mwenye fedha, anaweza kuugua akili?

Anaweza, na wamesema wenyewe. Marcus Trescothick wa Uingereza aliondoka kwenye ziara ya India mwaka 2006 kwa sababu ya sonona na wasiwasi mkali. Glenn Maxwell wa Australia aliomba kupumzika mwaka 2019 ili ashughulikie afya yake ya akili. Ben Stokes, nahodha wa baadaye wa Uingereza, alifanya hivyo mwaka 2021, kisha akarudi na kuongoza timu.

Kriketi ina upweke ndani ya umati: safari za miezi, hoteli, na kutolewa mbele ya maelfu kisha kutembea peke yako hadi kwenye kiti. Tumelelewa kuambiwa mwanaume halemewi na jambo. Lakini kijana asiyelala, asiyekula, aliyeacha kuongea na wenzake, haambiwi ajikaze. Anapelekwa kituo cha afya, kama anavyopelekwa aliyevunjika mguu.

Lalago hakuna uwanja wa kriketi. Haya yote yanatufaa nini?

Mwaka 2025, huko Lagos, vijana wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la kriketi la umri huo, lililopangwa kuchezwa Zimbabwe na Namibia mwaka 2026. Ilikuwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mchezo huu si wa watu wa mbali tena.

Na zoezi la akili halihitaji uwanja. La kwanza: mpira wa tenisi na ukuta wa darasa. Urushe, udake mara 20 bila kuangusha, wenzako wakikuzomea. Ukiangusha, vuta pumzi moja, anza tena moja. La pili: chagua ishara yako ndogo, ya mkono au ya mguu, uifanye kabla ya kila mrusho, kila penalti, kila swali la mtihani, hadi mwili uizoee. La tatu: daftari. Baada ya mchezo andika jambo moja ulilofanya vizuri na moja la kurekebisha, ufunge daftari. Mchezo umeishia humo, usilale nao.

Walimu wa michezo wa Lalago na wa Simiyu nzima, naomba mjaribu haya matatu kwa muhula mmoja, hata kwenye soka na netiboli. Mpira mmoja wa tenisi unatosha kuanzia.