SOMO: Kambi Huvunjwa, Orodha Hubaki

Lengo la somo: kuelewa ni mambo gani yanayochukuliwa kutuhusu tunapofungua tovuti au kujaza fomu kwa simu, na kujua maswali ya kuuliza kabla ya kukubali.



Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma, kambi kubwa zilizouzunguka mji, kama Kanyaruchinya, Lushagala na Bulengo, zilibaki tupu. Mabanda yalibomolewa na familia zikatawanyika. Lakini majina na namba za simu tulizoandikisha kwa ajili ya misaada havikubomolewa pamoja na mabanda. Vimo katika kompyuta, pengine mbali sana na Kivu.

Kwa nini jambo hili ni la amani? Jirani zetu wa Rwanda wanajua. Mwaka 1994, neno moja lililoandikwa katika kitambulisho, yaani kabila, lilitosha kumfanya mtu auawe kwenye kizuizi cha barabarani. Kitambulisho hicho kilikuwa kimeanzishwa miaka sitini hivi kabla, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Habari iliyoandikwa leo kwa nia moja inaweza kusomwa kesho kwa nia nyingine.

1. Kikaratasi cha namba

Tunapofungua tovuti, mara nyingi inaacha ndani ya simu maandishi mafupi yanayoitwa kuki. Kuki zilibuniwa mwaka 1994 ili tovuti iweze kumkumbuka mgeni wake.

Tufikirie kibanda cha kuchajia simu. Ukiacha simu yako, mwenye kibanda anakupa kikaratasi chenye namba. Ukirudi, anakutambua kwa namba hiyo. Kuki ya namna hii inasaidia: bila hiyo ungeandika neno la siri upya katika kila ukurasa.

Sasa tuseme kuna mtu mwingine ambaye ana mjumbe wake katika kila kibanda, Birere, Katindo na Virunga. Kila mjumbe anaisoma namba ileile na kuandika saa uliyopita. Hajui jina lako, lakini baada ya mwezi anajua mazoea yako yote. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi kuki za kampuni za matangazo. Zinafuata kurasa unazosoma, hata zile za ugonjwa, za kuomba hifadhi, au za msaada kwa waliobakwa.

Hatari nyingine iko karibu zaidi. Simu moja hutumiwa na watu wengi wa nyumba. Ukitumia simu ya kuazima au kompyuta ya sibakafe, toka katika akaunti yako, kisha futa kuki na historia ya kurasa ulizofungua.

2. Ukurasa unapita wapi?

Tovuti ya shirika inaweza kuwa na seva yake Ulaya. Ili ukurasa usichelewe, mashirika mengi hutumia kampuni zenye seva katika miji mingi ya dunia. Kampuni hiyo huweka nakala ya ukurasa katika mji ulio karibu zaidi na msomaji, kama Nairobi au Johannesburg. Faida yake ni kwamba ukurasa hufunguka upesi, na tovuti haizimiki kwa urahisi watu wengi wakiingia pamoja.

Lakini mjumbe anayebeba barua huona bahasha. Kampuni ya katikati huona namba ya anwani ya intaneti ya simu yako, saa, na ukurasa uliouomba. Mwezi Januari 2022, mahakama ya München, Ujerumani, iliamua kwamba mwenye tovuti alikosea kupeleka namba ya msomaji wake kwa kampuni ya Google bila ridhaa, kwa sababu tu ya maumbo ya herufi yaliyochukuliwa kutoka seva zake. Aliamriwa kumlipa euro 100. Basi hata namba hiyo ni mali ya mtu.

3. Orodha ikivunjwa

Tarehe 18 Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba watu wasiojulikana walikuwa wameingia katika seva zake tangu Novemba 2021. Habari za watu zaidi ya 515,000 zilifikiwa. Hao walikuwa watu waliopotea, familia zilizotenganishwa na vita au majanga, na wafungwa. Kamati ilitangaza jambo hilo kesho yake, ikazima mfumo, na ikaanza kuwajulisha wahusika kwa simu, kwa barua, na mahali pengine kwa kuwatembelea.

Tunajifunza mambo mawili. Hata shirika lenye sifa njema laweza kuvamiwa. Na likivamiwa, wajibu wake ni kuwaambia wenye habari. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini anayejulishwa mapema anaweza kujilinda.

4. Sheria inasema nini?

Nchini Kongo, sheria ya kidijitali namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Shirika lenye makao katika Umoja wa Ulaya linafungwa pia na sheria iliyoanza kutumika huko tarehe 25 Mei 2018, hata kama anayeandikishwa yuko Goma. Unayo haki ya kujua kilichoandikwa juu yako na kuomba kisahihishwe. Ridhaa ni lazima itoke kwako: mwaka 2019 mahakama ya Umoja huo iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama tayari si ridhaa.

5. Maswali manne kabla ya kukubali

- Habari hii inahitajiwa kwa kazi gani?
- Nani mwingine ataiona?
- Itahifadhiwa wapi, na itafutwa lini?
- Nikikataa swali moja, je, bado nitapata msaada?

Kwa viongozi: msiandike kabila wala kijiji cha asili kama msaada hauhitaji. Msipige picha ya orodha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Kazi ikiisha, ulizeni orodha ilikwenda wapi.

Hatusemi watu wakatae kuandikishwa. Mama anayemtafuta mtoto wake anahitaji jina la mtoto lijulikane. Tunasema anayelipokea jina hilo amepokea amana.

Maswali ya kuzungumzia pamoja

1. Tangu tulipohama, tumeandikishwa mara ngapi, na nani?
2. Ni habari gani ambayo ikifika kwa mtu mbaya inaweza kuleta ugomvi kati ya jirani na jirani?
3. Katika kundi letu, nani anatunza daftari la majina, na usiku linalala wapi?