SOMO: MALIPO YA AWALI YA NYUMBA YA KWANZA

Aghalabu kinachomkwamisha mnunuzi wa nyumba ya kwanza si marejesho ya kila mwezi, bali malipo ya awali. Singapore, nayo nchi ya kisiwa, iliwaruhusu wafanyakazi mwaka 1968 kuyalipa kwa akiba yao ya uzeeni wanunuapo nyumba za Serikali. Tangu Agosti 2024, mkopo wa Bodi ya Nyumba ya huko hauzidi asilimia 75 ya thamani. Asilimia 25 iliyosalia yaweza kutoka katika akiba hiyo. Familia inunuayo mara ya kwanza, yenye kipato kisichozidi dola 9,000 za huko kwa mwezi, huweza kupewa ruzuku ya hadi dola 120,000. Sharti lake ni zito: nyumba ikiuzwa, akiba iliyotumika hurejeshwa Mfukoni pamoja na riba. Asiyeuza hubaki na nyumba, lakini pensheni yake hupungua.