Dondoo muhimu: Programu ya simu inapoita seva ya mbali

Unaandika programu ya malipo kwa maduka ya Carama, Bujumbura? Kwenye Swift, lugha ya programu za iPhone, anza na itifaki: tangaza kazi moja, tumaMalipo, bila kusema inafanyikaje. Kisha andika aina mbili zinazoitimiza, moja ikiita seva halisi, nyingine ikirudisha majibu ya kubuni. Kwa hiyo ya pili, utaendelea kujaribu skrini zako hata intaneti ikikatika.

Tumia HTTPS. Tangu iOS 9 ya mwaka 2015, iPhone huzuia HTTP tupu usipoomba ruhusa. Kwa pesa za watu, usiiombe kamwe.

Hatari kubwa ni kurudia ombi. Mteja amebonyeza "Lipa", mtandao umekatika kabla ya jibu, anabonyeza tena: anakatwa mara mbili! Kila malipo yape namba yake ya pekee, itengenezwe kwenye simu kabla ya ombi la kwanza. Seva ikiiona tena, irudishe jibu lile lile bila kukata.

Faranga ya Burundi itume kwa namba kamili: 5000, bila desimali.

URLSession, zana ya kuita seva kwenye iPhone, husubiri jibu sekunde 60 usipozibadilisha. Weka 20; zikiisha bila jibu, iulize seva hali ya malipo kabla ya kumwambia mteja yameshindikana.