Ankabuti, Buibui na Akrabu

Fahamu, ewe msomaji, ya kuwa Waarabu humwita buibui 'ankabut, na wingi wake ni 'anakib. Mayahudi katika Kiebrania humwita 'akkavish. Wala kufanana huko si ajabu, kwani lugha hizi ni ndugu.

Katika Qurani neno 'ankabut limekuja mara mbili tu, zote katika aya ya 41 ya Sura ya 29, nayo sura ikaitwa kwa jina hilo. Humo wenye kujifanyia walinzi badala ya Mwenyezi Mungu wamefananishwa na buibui aliyejijengea nyumba. Udhaifu wa nyumba ile si wa uzi, maana uzi una nguvu nyingi ukilinganishwa na wembamba wake. Udhaifu ni wa makazi: hayazuii jua, wala mvua, wala baridi. Tena kitendo cha kujenga kimetiwa ta ya kike. Wako waliosimamisha hoja ndefu juu ya ta hiyo, kwa kuwa majike ndio wasukaji wakuu. Lakini Waarabu hulitumia neno hili kwa kike, na mara nyingine kwa kiume, basi hoja hiyo nayo ni nyembamba kama utando.

Waswahili hawakulihitaji neno hilo, kwani walikuwa na lao. Na vazi jeusi la wanawake wa pwani likaitwa buibui vile vile.

Ama nge, Waarabu humwita 'aqrab. Mnyama mwenyewe Waswahili walimwachia jina lake, lakini neno la Kiarabu wakalichukua kwa mshale wa saa na kwa kundi la nyota, wakasema akrabu. Hapa ndipo penye hatari. Liko neno jingine la Kiarabu, aqrab, maana yake karibu zaidi, nalo ni la ukoo mmoja na akraba, yaani jamaa. La nge huanza kwa ayn, na hili huanza kwa hamza; katika herufi za Kizungu yote mawili huanza kwa a.

Katika aya ya 8 ya Sura ya 5 uadilifu umetajwa kuwa aqrab na ucha Mungu. Mtoto akiitia ayn mahali pale, ameufanya uadilifu kuwa nge. Basi mwalimu asimpitishe kwa uzuri wa sauti yake. Amrudishe mpaka ayn itoke katikati ya koo, na hamza itoke chini yake, upande wa kifua. Herufi tatu zilizobaki ni zile zile katika maneno yote mawili, wala hazimsaidii msikilizaji.