Tapeli Hakupi Sekunde Tatu

Disemba iliyopita nilipigwa shilingi 48,000. Aliyenipiga sijawahi kumwona hata sura.

Bumu lilikuwa limeingia, na mdogo wangu alikuwa anajiandaa kuanza Kidato cha Kwanza Januari. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba habari ya viatu na begi aniachie mimi. Huko Instagram nikakutana na ukurasa wa duka linalojitangaza kuwa lipo Kariakoo. Picha kali, wafuasi maelfu, bei karibu nusu ya ile niliyozoea kuiona madukani. Viatu na begi, 38,000. Nikaandika “bado zipo?” Jibu likaja hapo hapo: “Zimebaki tatu tu dada, ofa ya sikukuu inaisha saa 12 jioni.” Nikaangalia saa: 11:40.

Nikalipa. Kabla sijaweka namba ya siri, simu ilinionyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la mtu binafsi, lisilofanana hata kidogo na jina la duka. Nililiona kabisa, lakini nikaendelea. Kesho yake nikaambiwa mzigo umekwama, niongeze 10,000 ya usafiri. Nikaongeza. Baada ya hapo nikablokiwa.

Wanachuo wenzangu, swali lililonisumbua siyo “kwa nini watu ni wabaya?” Ni hili: kwa nini mimi niliyeliona lile jina sikusimama?

Jibu nilikuja kulipata darasani. Sisi wa elimu tunafundishwa habari ya muda wa kusubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuingilia. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, wanafunzi walitoa majibu marefu na yenye hoja. Akili ilikuwepo muda wote, ila haikupewa nafasi.

Tapeli anajua somo hili kuliko sisi, ila yeye analigeuza. Kazi yake ya kwanza ni kukunyima hizo sekunde. Na mwezi wa Disemba humrahisishia kazi: hela ya bumu ipo, nyumbani wanasubiri zawadi, nauli zinapanda, na ofa za kweli nazo ni nyingi, kwa hiyo ya uongo inajificha humo humo.

Wanatupiga vipi?

Njia ya kwanza ni hiyo ya kwangu, duka hewa. Picha zimeibwa kwenye kurasa za wengine, na mara nyingi sehemu ya maoni imefungwa ili waliokwisha kulizwa wasikuonye.

Ya pili inawahusu wenzetu wanaouza keki, nguo na mitumba hosteli. “Mteja” anakutumia ujumbe unaofanana na wa muamala, halafu anapiga simu akilalamika kwamba amezidisha, umrudishie chenji haraka maana yuko stendi na gari linaondoka. Ujumbe ameuandika mwenyewe, hela haijaingia. Hapa dawa ni moja: usisome ujumbe, angalia salio.

Ya tatu ni kiungo cha WhatsApp cha “zawadi za sikukuu”. Unajaza taarifa zako, unaambiwa usambaze kwenye magrupu, kisha unaombwa ile namba ya tarakimu 6 iliyoingia kwenye simu yako. Ukiitoa, akaunti yako inahamia kwa tapeli, na kuanzia hapo anawaomba hela marafiki zako kwa jina lako.

Maswali matatu kabla ya kulipa

1. Huyu ni nani? Linganisha jina linalotokea kwenye muamala na jina la duka. Yakipishana, simama uulize. Omba picha ya bidhaa iliyopigwa leo, pembeni kuna karatasi yenye jina lako. Muuzaji wa kweli atalalamika kidogo lakini atapiga. Na usidanganywe na alama ya kufuli kwenye tovuti. Inaonyesha kwamba mawasiliano yenu yamefichwa njiani, haikuambii kama mwenye tovuti ni mwaminifu.

2. Naweza kulipa nikishaona mzigo? Kama uko mkoani, tafuta ndugu au rafiki aliyepo mjini aende dukani. Soda utakayomnunulia ni rahisi kuliko hasara.

3. Nikisubiri hadi kesho, nitapoteza nini? Mara nyingi jibu ni “punguzo tu”. Mimi nilikimbilia punguzo, nikapoteza hela yote.

Ukishapigwa

Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako muda huo huo, kabla hela haijatolewa kwa wakala. Kurudishiwa siyo uhakika, lakini kila dakika ina maana. Usifute ujumbe wala picha za mazungumzo. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, kisha nenda polisi na kumbukumbu za muamala. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo hili ni kosa la jinai kama wizi mwingine. Kama uliwapa namba yako ya NIDA, piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa jina lako.

Halafu sema. Hili ndilo nililoshindwa mimi. Niliona aibu: mwalimu mtarajiwa, nimepigwa kitoto vile! Mama nilimdanganya kwamba bumu limechelewa, na mdogo wangu akaanza shule na viatu vya zamani. Hapa chuoni sikumwambia mtu. Wiki mbili baadaye rumeti wangu alikaa kitandani analia, simu mkononi. Nikaichukua nione. Ukurasa ulikuwa ule ule, na maneno yale yale: “Zimebaki tatu tu dada.”

Hela yangu alichukua tapeli. Ya rumeti wangu tuliichukua wawili, tapeli na ukimya wangu. Ndiyo maana mwaka huu nimeandika mapema, kabla Krismasi haijafika.