Kachumbari Iliyogeuka Chakula: Maswali Kuhusu Vichekesho vya Filamu za Kipunjabi

Mchambuzi wetu wa filamu anajibu.

Zamani mchekeshaji alikuwa na nafasi gani?

Alikuwa kachumbari. Katika filamu nyingi za miaka ya 1970 na 1980, hadithi ilikuwa ya kisasi na ugomvi wa ardhi. Mara mchekeshaji Mehar Mittal anaingia, anawavunja watu mbavu, anatoka, kisasi kinaendelea. Ungemwondoa, hadithi isingetikisika.

Mambo yaligeuka lini?

Mchekeshaji Jaspal Bhatti alifungua njia mwaka 1999 kwa *Mahaul Theek Hai*, akiwacheka polisi wa Punjab. Ila mafuriko yalikuja 2012, kwa *Jatt & Juliet* na *Carry On Jatta*. Katika hiyo ya pili, kijana anamdanganya msichana kwamba yeye ni yatima. Kumbe baba yupo, tena wakili mwenye ulimi wa pilipili! Uongo mmoja unazaa mwingine mpaka ukoo mzima unaigiza. Wakili Dhillon, ambaye hachoki kukumbusha watu kwamba koti jeusi hakulivaa bure, aliigizwa na Jaswinder Bhalla, aliyekuwa pia profesa wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab, Ludhiana. Ulimi ule aliunoa kwenye kaseti zake za *Chhankata*, tangu 1988.

Mbona nikisoma tafsiri chini ya picha sicheki?

Kwa sababu utamu uko kwenye *juggat*. Ni mchongoano hasa: nakutupia neno, unanirudishia kali zaidi kabla sijafunga mdomo. Asili yake ni wachekeshaji wa arusini waitwao *bhand*. Wanasimama wawili; mmoja ana kipande cha ngozi, mwenzake akijibu ovyo anachapwa nacho kiganjani, pwaa! Mlio huo ndio unaowaambia watu wacheke. Kwenye filamu ngozi haipo, lakini mwendo ni uleule. Hata DJ hodari wa kibanda umiza, anayetafsiri filamu papo hapo, angebaki nyuma.

Basi hakuna jipya?

Lipo. Kuiga *Carry On Jatta* kulichosha. Hata sehemu yake ya tatu, ya 2023, mimi niliona mzaha unakuja kabla haujafika. *Angrej* (2015) ilirudi kijijini, kabla ya India kugawanywa, ikachekesha kwa haya ya wapenzi badala ya kelele. *Godday Godday Chaa* (2023) iliwageukia wanaume: wake wamechoka kuachwa nyumbani kila msafara wa bwana harusi unapoondoka. Kwa sanaa iliyozoea kumcheka mke, hapo mkuki umegeuzwa.

Uhamiaji umeingiaje?

Kwa mlango wa mbele. *Chal Mera Putt* (2019) inawaweka Wapunjabi wa India na wa Pakistani nyumba moja Uingereza, wengi wao bila karatasi. Mchekeshaji Iftikhar Thakur na wenzake wa jukwaa la Lahore, Pakistani, wanarushiana maneno na Wahindi kama ndugu, kisha wote wananyamaza pamoja wakiogopa maofisa wa uhamiaji. Nje ya filamu mpaka wa nchi hizo mbili haucheki: Juni 2025, baada ya shambulio la kigaidi la Pahalgam, Kashmir, kuzidisha uhasama kati yao, *Sardaar Ji 3*, yenye mwigizaji wa Pakistani Hania Aamir, ilionyeshwa nje ya India tu.

Nianze na ipi?

*Chal Mera Putt*. Ukiwa umewahi kuishi ughaibuni chumba kimoja na watu sita, hutahitaji tafsiri nyingi.